Mchagua Nazi Hupata Koroma

Kuna mchezo wanaoupenda sana washabiki wa muziki, nao ni wa kuuliza: upi wimbo mbaya kuliko zote ambazo bendi yetu imewahi kutoa? Mchezo huu huanza kwa kicheko ukaishia kwa uhasama. Mmoja hutaja wimbo, wa pili akaruka kama aliyetukaniwa mama, wa tatu akawaambia wote wawili kwamba hawana masikio. Nimewasikiliza kwa miaka mingi washabiki wa bendi ya Rush ya Kanada wakiucheza mchezo huu, na nimefika mahali ambapo siwezi tena kunyamaza. Wengi wao, wanaoshutumu na wanaotetea, wanafanya kosa moja, na kosa hilo ndilo tunalolifanya sisi wapenzi wa mashairi katika visiwa hivi.

Kwanza niwatambulishe washitakiwa. Rush ilianzishwa mjini Toronto mwaka 1968. Kuanzia Julai 1974 ilikuwa na watu watatu wale wale hadi onyesho lao la mwisho pamoja, lililofanyika Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015: Geddy Lee, mwimbaji na mpiga gitaa la besi na vinanda, Alex Lifeson, mpiga gitaa, na Neil Peart, mpiga dramu. Muziki wao huhesabiwa katika roki ya progresivu, yaani ile roki iliyokataa kukaa ndani ya dakika tatu za redio, ikataka kusimulia visa virefu, kubadili mapigo katikati ya wimbo, na kujipa upana wa utenzi pale ambapo wengine waliridhika na beti mbili na kiitikio.

Lililo muhimu zaidi kwa msomaji wa jarida hili ni kwamba maneno ya karibu nyimbo zao zote tangu 1974 yalitungwa na Peart, ambaye hakuwa mwimbaji. Yeye aliandika, mwenzake akaimba. Sisi tunaujua mgawanyo huo wa kazi. Ni watunzi wangapi wa taarabu waliokaa kimya ukumbini wakisikiliza maneno yao yakitoka kinywani mwa mwingine? Kwa hivyo tunapojadili nyimbo zisizopendwa za Rush, kwa sehemu kubwa tunajadili mashairi yasiyopendwa ya mshairi mmoja.

Hati ya mashtaka inajulikana. Wa kwanza kizimbani huwa ni "I Think I'm Going Bald" wa mwaka 1975, wimbo wa mzaha juu ya nywele zinazopukutika, ulioimbwa na vijana ambao upara kwao ulikuwa bado khabari ya mbali. Hufuata "Tai Shan" wa 1987, kisha "Roll the Bones" wa 1991, ambao katikati yake kuna kipande cha kufokafoka. Halafu huletwa "Dog Years" na "Virtuality", wote wa 1996, mmoja juu ya maisha ya mbwa, mwingine juu ya intaneti, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni katika nyumba nyingi. Wapo pia wanaoshitaki miaka mizima, wakidai kwamba vinanda vya umeme vya miaka ya 1980 vilililemea gitaa la Lifeson.

Mbele ya mashtaka haya washabiki hugawika makundi matatu, nami sikubaliani na hata moja.

Kundi la kwanza ni la wachujaji. Hawa husema: tuziondoe nyimbo hizi, tubakishe zile njema, na bendi itang'aa zaidi. Kundi la pili ni la watetezi wa kila kitu, ambao ukiwaonyesha jicho lililopofuka hukwambia kwamba ni makengeza tu. Kundi la tatu hujiona lina hekima kuliko yote, nalo husema: kila mtu na ladha yake, basi tuyaache. Hili la tatu ndilo baya kabisa. Mchujaji amekosea, lakini amesikiliza. Mtetezi amepofuka, lakini amependa. Huyu wa tatu hataki kusikiliza wala kutetea. Anataka mazungumzo yafe ili apate kunywa kahawa yake kwa utulivu. Kama ladha haina hoja, basi ukosoaji wote ni kelele, na majarida kama hili yafungwe.

Nianze na wachujaji, kwa kuwa ndio wengi, na niwajibu kwa tarikhi kabla ya kuwajibu kwa nadharia.

Albamu yenye wimbo ule wa upara inaitwa Caress of Steel, nayo ilitoka mwaka 1975. Haikuuzwa vizuri. Ilikuwa na masimulizi mawili marefu, "The Necromancer" na "The Fountain of Lamneth", na hili la pili lilichukua upande mzima wa santuri, takriban dakika ishirini. Wasikilizaji wengi hawakuyaelewa. Ziara iliyofuata ilikwenda vibaya hata wanamuziki wenyewe wakaipa jina la utani la ziara ya kuzama. Kampuni ya santuri ikawashinikiza watunge nyimbo fupi zinazofaa redioni. Kwa maneno mengine, mchujaji alikwisha kuwepo mwaka ule wa 1975, na alikuwa ameshika kitabu cha hesabu.

Je, walifanya nini? Walirudi studio wakatoa, mwaka 1976, albamu ya 2112, ambayo upande wake wa kwanza ni kisa kimoja cha takriban dakika ishirini. Yaani walirudia kosa lile lile, ila safari hii walilijua vyema zaidi. Albamu hiyo ndiyo iliyowaokoa, na mpaka leo washabiki huitaja kwa heshima kubwa. Sasa namuuliza mchujaji: ukiikata "The Fountain of Lamneth", unabaki na nini cha kukueleza jinsi 2112 ilivyopatikana? Katika ule utenzi uliowashinda ndimo walimojifunza kupanga sehemu za kisa kirefu, kujua wapi sauti ipande na wapi ishuke, wapi msimuliaji anyamaze. Umelipenda tunda ukaulaani mti.

Najua atakalosema mchujaji mwerevu: kwamba jaribio lililoshindwa linafaa kwa wanafunzi wa tarikhi, si kwa msikilizaji anayetaka kuburudika. Jibu hilo lina nguvu, wala sitalikwepa. Lakini linadhani kwamba tunajua leo ni wimbo upi utakaotuburudisha kesho. Hatujui, na mfano wangu ni "Roll the Bones".

Jina la wimbo huo lina maana ya kurusha dadu. Maneno yake yanauliza kwa nini maafa humfika huyu yasimfike yule, na yanajibu kwamba mara nyingi hakuna sababu, yanatokea tu. Sisi tunaoamini kadari hatukubaliani na jibu hilo, lakini swali ni swali la kila mwanadamu aliyewahi kukaa matangani. Washabiki hawakulishughulikia swali. Walishughulikia kile kipande cha kufokafoka, ambacho ni sauti ya Lee mwenyewe iliyotiwa uzito kwa mitambo, wakacheka, na bado wanacheka. Kucheka si dhambi. Kipande kile kweli ni cha mtu aliyevaa kanzu ya kuazima.

Lakini mwezi wa Agosti 1997 bintiye Peart aliyekuwa mtoto wake wa pekee alifariki katika ajali ya gari. Mwezi wa Juni 1998 mkewe naye akafa kwa saratani. Peart akapanda pikipiki akazunguka maelfu ya maili, na khatima yake akaandika kitabu, Ghost Rider, kilichotoka mwaka 2002, mwaka ambao bendi nayo ilirudi na albamu ya Vapor Trails. Mtu aliyekwishaijua khabari hiyo akiurudia wimbo wa 1991 hawezi kuusikia kama alivyousikia mwanzo. Aliyeandika kwamba maafa hayana sababu hakuwa bado amefikwa, baadaye akafikwa. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Mzigo wao ndio uliobadilika. Lau wimbo ungalichujwa kwa sababu ya kicheko cha sekunde chache, ungalipotea kabla ya kupata maana yake ya pili.

Wenyewe wanamuziki hawakuuchuja. Katika ziara ya 2015 waliupiga, na penye kipande kile cha aibu wakaonyesha kwenye pazia kubwa watu mashuhuri wakichezesha midomo kama kwamba ndio wanaofoka. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka: kukiri kwamba kipande kinachekesha, na kubaki nacho.

Sasa niwageukie watetezi wa kila kitu, wasije wakadhani nimejiunga nao. "Tai Shan" ni wimbo mbaya. Peart alikwenda China, akaupanda mlima mtukufu wa Tai katika mkoa wa Shandong, akarudi na mshangao wa kweli. Mshangao ule ukavalishwa lahani za kuiga sauti za Mashariki kwa vinanda vya umeme, na maneno yakawa ya mgeni anayemsifu mwenyeji kwa vitu ambavyo mwenyeji hahitaji kusifiwa. Geddy Lee mwenyewe amekwisha kuukosoa hadharani. Nani basi anayeutetea, na kwa hoja gani?

Hata hivyo, tazameni kilichofuata. Miaka miwili baadaye, katika albamu ya Presto ya 1989, kuna wimbo uitwao "Scars", ambamo msafiri huyo huyo anataja kwa pumzi moja tu simba wa Serengeti usiku. Msomaji wa Tanzania anaweza kuinua nyusi: huyu naye amekuja kututalii? Lakini msikilizeni vizuri. Haigi ngoma yetu, wala hatwambii sisi ni watukufu. Anasema tu kwamba sauti ile ilimwachia alama, kama kovu, naye anaihesabu kati ya makovu yake mengine. Mgeni amejua mipaka ya ugeni wake. Mtu asiyeusikia ubaya wa "Tai Shan" hawezi kuusikia vizuri uzuri wa mstari ule wa Serengeti. Kwa hiyo mtetezi wa kila kitu anamdhulumu mshairi kuliko mchujaji, kwa kuwa anamnyima hata sifa ya kujirekebisha.

Na mwandishi mwenyewe asifanywe kadhi wa mwisho. Katika albamu ile ile ya Caress of Steel kuna wimbo mfupi, "Lakeside Park", wa kumbukumbu za ujana wa Peart kando ya ziwa huko Ontario. Katika miaka ya 1990 Lee aliudharau wazi wazi mbele ya mwandishi wa khabari. Washabiki waliendelea kuupenda kimya kimya, na katika ziara ya 2015 ukarudi jukwaani. Mwimbaji aliupinga wimbo, wasikilizaji wakauhifadhi, naye akauimba tena. Basi kama mwenye kinywa chake anaweza kukosea kuhusu wimbo wake, itakuwaje sisi?

Na hapa ndipo ninapotaka kuirejesha hoja nyumbani. Tunapozikusanya diwani za wazee wetu, mkono wa mchujaji uko kazini. Shairi hili vina vyake vimepotoka, liachwe. Hili ni la mzaha, litamvunjia marehemu heshima. Hili ni la ugomvi wa mtaani, halina falsafa. Mwisho tunapata kitabu safi chenye mashairi arobaini ya nasaha, na mshairi aliyefanana na kila mshairi mwingine.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa kuwa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua alishirikiana na William Taylor kuyakusanya na kuyaandika, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Humo mna vita na siasa za Mvita, na mna mapenzi, kejeli, majibizano na mambo ya nyumbani. Wangaliamua kutubakishia yale mazito tu, tungalikuwa na sanamu ya Muyaka, na Muyaka mwenyewe tungalimkosa. Tunayempenda ni yule aliyeweza kutoka vitani akaingia katika mzaha bila ya kubadili kilemba.

Sisemi kwamba kila karatasi iliyookotwa sandukuni ichapishwe bila ya neno. Nasema ichapishwe na neno. Mhariri aseme waziwazi: shairi hili limelegea katika ubeti wa nne, kina cha kati kimelazimishwa, na sababu ni hii. Msomaji asome, akubali au akatae kwa hoja. Kuficha shairi bovu ni kumnyima msomaji kazi yake na kumnyima mshairi ujana wake.

Neil Peart alifariki tarehe 7 Januari 2020. Mwezi wa Oktoba 2025 wenzake wawili walitangaza kwamba watarudi jukwaani mwaka 2026, pamoja na Anika Nilles wa Ujerumani katika dramu. Mchezo ule wa washabiki sasa umepamba moto: wimbo gani upigwe, upi usiguswe kamwe. Nawashauri wabishane kwa nguvu zao zote, wataje vipande, wapime maneno, wakatae kabisa kuridhika na jibu la kila mtu na ladha yake. Ila wasitupe kitu. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, nao hawakukataza kuchagua. Walimtahadharisha anayechagua kupita kiasi kwamba ataondoka sokoni na ile isiyokomaa, akidhani kwamba ndiyo bora.