Nani ashike usukani wa gemu la Rufiji?

Mtunzi wa magemu akitafuta vita vya baharini vya kutengenezea mchezo, ukanda wetu unavyo. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Baadaye ikajichimbia katika mikoko ya delta ya Rufiji, na Waingereza hawakuigundua hadi mwisho wa Oktoba. Januari 1915 walikiteka kisiwa cha Mafia, wakakifanya kituo cha ndege. Julai 11, manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikielekezwa shabaha na ndege, zikaimaliza.

Ningependa sana vijana wa Kitanzania walitengeneze gemu hili. Hofu yangu ni kiti watakachompa mchezaji. Njia nyepesi ni kumfanya awe Kapteni Max Looff wa Königsberg, au rubani wa Kiingereza anayepaa kutoka Mafia. Kijana wa Kilindoni, Mafia, atajifunza historia ya bahari yake akiwa amevaa kofia ya mtu aliyekuja kuipigania, huku wenyeji wakipita nyuma kama miti.

Gemu hufundisha kwa kanuni zake kuliko kwa picha zake. Kinachokaa kichwani ni kile ambacho vidole vimerudia mara nyingi. Kazi ya mchezaji ikiwa ni kufyatua mizinga tu, hata mikoko ichorwe vizuri namna gani, haitakuwa na maana kwake.

Na vita hivi havikuwa vya mizinga tu. Mitambo ya Königsberg iliharibika, na vipande vya boila vikakokotwa nchi kavu na vibarua Waafrika hadi Dar es Salaam kutengenezwa, zaidi ya kilomita 100, kisha vikarudishwa mtoni. Meli ilipokwisha, mizinga yake 10 iliopolewa na kupelekwa kwa jeshi la Kijerumani la nchi kavu, chini ya Lettow-Vorbeck. Mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa. Kila hatua ya safari hizo ina uamuzi wa kweli: njia ipi, mzigo kiasi gani, chakula cha siku ngapi, nani mgonjwa, nani atatoroka usiku. Huo ni mchezo mgumu na mzuri, bila hata risasi moja.

Kuna pia maji yenyewe. Novemba 1914 Waingereza waliizamisha meli ya makaa Newbridge katika mkondo mmoja ili kumfungia adui njia, lakini delta ina milango mingi. Waliojua mlango upi unapitika bamvua na upi unakwamisha ni wavuvi, wakata boriti na manahodha wa majahazi. Maarifa hayo yawe nguvu kuu ya mchezaji, na pande zote mbili za vita ziyahitaji. Ayauze, ayafiche au alazimishwe kuyatoa? Hapo historia inaanza kuuma.

Wapo watakaosema Mafia ina vita vilivyo vyake zaidi, yaani uvamizi wa Wasakalava kutoka Madagaska ulioangamiza mji wa Kua, kisiwani Juani, katika miaka ya 1820. Wana haki. Ila kumbukumbu za Kua ni chache mno, na kanuni za mchezo zingekuwa karibu zote za kubuni.

Pingamizi la soko, kwamba gemu lisilo na risasi halitanunuliwa, halinitishi. Mwaka 2014 studio ya Warsaw ilitoa This War of Mine, ambamo mchezaji ni raia aliyezingirwa vitani akisaka dawa na chakula. Liliuzwa kwa mamilioni, na Poland ikaliingiza katika orodha ya vitabu vinavyopendekezwa shuleni.

Pingamizi zito ni jingine: je, ni haki kugeuza mateso ya wapagazi, kama hao waliokokota boila, kuwa burudani? Upande wa Waingereza pekee, vifo vyao vilivyoandikwa katika vita vya Afrika Mashariki vinazidi 95,000, na vingi havikuandikwa. Nalichukulia kwa uzito, na ndiyo sababu nasema mpagazi asiwe namba inayopungua pembeni ya kioo. Awe na jina, hata la kubuni, na kifo chake kisimpe mtu pointi. Kunyamaza nako kuna gharama. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, imemsimamisha askari peke yake na bunduki, ilhali ya Nairobi ina mpagazi pia. Gemu letu lisirudie upungufu huo.

Wenye pesa za kukuza ubunifu wa vijana waanze na kitu kidogo: safari moja ya boila, kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa Kiswahili, kwenye simu ya bei nafuu isiyohitaji intaneti. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, watunzi wakae na wazee wa Mafia na wa delta, warekodi walichosimuliwa na babu zao, na wawalipe kwa muda huo. Mizinga ije katika toleo la pili.