Kuchoka na Kuumia ni Vitu Viwili

Huku Mansfield tu wazima, ila baridi ya asubuhi ndiyo inatutafuna. Poleni na joto la Dar.

Leo sina picha wala umbea, nina hoja. Tangu Krismasi simu zote za nyumbani zimekuwa na mada moja tu: mbio. Mama Mdogo anauliza kwa nini nilipe dola zangu nikakimbie kilomita 21 za milima Jumapili, wakati Jumamosi nimeshaendesha baiskeli saa tatu na wiki nzima nimekuwa nasimama wodini zamu za saa 12. "Kwani nani anakufukuza?" Na wakati huohuo mdogo wetu aliyeko Moshi amejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, goti la kulia linamuuma tangu Desemba, na anasema kama dada anakimbia akiwa amechoka basi na yeye atavumilia. Nimeona niwajibu wote wawili kwa pamoja, maana jibu lao ni moja: kuchoka ni kitu kimoja na kuumia ni kitu kingine. Ukiwa umechoka unaweza kukimbia kwa faida. Ukiwa umeumia, kaa chini.

Nianze na Mama Mdogo. Mimi sijiandai kwa mbio za miguu tu, najiandaa kwa triatloni. Kuna mashindano Galveston, kisiwa kilicho chini ya Houston, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa kwangu. Unaogelea kilomita 1.9, unaendesha baiskeli kilomita 90, halafu ndipo unakimbia kilomita 21.1. Yaani hakuna siku utakayoanza kukimbia kule ukiwa na miguu mipya. Miguu inafika kwenye mbio ikiwa imeshatumika saa nne au zaidi. Sasa kama mazoezi yote ya kukimbia nafanya nikiwa nimelala vizuri na kupumzika siku mbili, nitakuwa nimejifunza kitu ambacho mtihani hauulizi.

Galveston yenyewe ni tambarare kama meza, shida yake ni upepo wa baharini. Mtaniuliza, sasa milima ya nini? Milima inafanya kwa saa mbili kazi ambayo baiskeli ingeifanya kwa saa nne. Na hapa Fort Worth, karibu na kwetu, kuna mbio za Cowtown zilizoanza mwaka 1979, zinafanyika mwishoni mwa Februari. Watu wengi wanadhani Texas yote ni bapa. Waulizeni waliopanda Main Street kutoka kwenye daraja la mto Trinity kwenda kwenye jengo la zamani la mahakama ya kaunti! Kilima chenyewe si kirefu, ila kinakukuta umeshakimbia vya kutosha, na hapo ndipo kila mtu anaonyesha alichobeba.

Mwaka jana niliikimbia Cowtown nusu marathoni. Jumamosi yake nilikuwa nimeendesha baiskeli kilomita 60. Nikiwa nimepumzika kilomita 21 nazimaliza kwa saa 2 na dakika 5 hivi. Siku ile nilipanga saa 2 na dakika 25, nikamaliza kwa 2 na 23. Kwenye mipando mikali nilitembea kwa hatua fupi, kwenye tambarare nilikimbia kwa mwendo ambao ningeweza kuongea na jirani yangu sentensi nzima bila kukata pumzi. Jumatatu nikaogelea taratibu, Jumanne nikaingia kazini nikahudumia wagonjwa wangu kama kawaida. Kwangu huo ndio ushindi, Mama Mdogo. Kama Jumanne ningeshindwa kumgeuza mgonjwa kitandani, basi hata ningekimbia kwa saa 2 kamili ningekuwa nimepata hasara.

Najua picha zile zilichekwa kwenye ukoo. "Mtanzania mzima unapitwa na bibi mwenye mvi!" Ndiyo, alinipita, na Mungu ampe nguvu zaidi. Jamani, kuzaliwa nchi moja na Simbu hakunipi mapafu ya Simbu. Na huyo Alphonce Simbu mwenyewe tazameni alivyotupatia dhahabu ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Alikaa na kundi akisubiri, akatumia alichokihifadhi mwishoni kabisa ndani ya uwanja, akamaliza kwa 2:09:48, muda uleule wa Amanal Petros wa Ujerumani, wakitofautiana sehemu tatu tu za mia za sekunde. Kama bingwa wa dunia anajua kubana matumizi ya miguu yake, mimi muuguzi wa zamu ni nani nisibane?

Sasa nakuja kwa mdogo wangu, na hapa naomba anisome taratibu.

Najua unachofikiria. Sisi wote tumelelewa na habari za John Stephen Akhwari, Mexico 1968. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea mpaka akamaliza wa mwisho kati ya watu 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Namheshimu mzee yule kwa moyo wote. Lakini nasema wazi, na mkinikasirikia sawa tu: sisi watu wa kawaida habari ile tunaitumia vibaya. Akhwari alikuwa kwenye Olimpiki, amevaa bendera ya nchi, siku moja katika maisha yake. Wewe umelipa mwenyewe, mbio hizi zipo kila mwaka tangu 2003, na mwakani Mlima Kilimanjaro utakuwa palepale. Goti la miaka 26 ukiliharibu leo, utatembea nalo mpaka uzeeni, na hakuna atakayekuandika kwenye kitabu.

Utajuaje kama umechoka au umeumia? Wodini tunamuuliza mgonjwa wapi, lini na vipi. Uchovu wa mazoezi huwa miguu yote miwili, umesambaa kwenye mapaja na ndama, ni mzito kuliko kuwa mkali, na ukipasha mwili dakika kumi unapungua. Kuumia mara nyingi ni upande mmoja, unaweza kuonyesha kwa kidole, kunaongezeka kadiri unavyokimbia, na kunakufanya uchechemee. Wewe umeniambia goti la kulia, kwa nje, na linazidi ukiteremka ngazi. Hapo umeshajijibu. Na njia ya Moshi inapanda kuelekea upande wa Mweka, halafu inabidi urudi chini. Watu wanaogopa kupanda, kumbe mteremko ndio unaopiga magoti na kuchana nyuzi za misuli ya mapaja, kwa sababu misuli inafanya kazi ya breki huku ikivutwa. Ndiyo maana maumivu yanakuja kesho yake na kesho kutwa.

Na usije ukameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio ili goti linyamaze! Dawa hizo, ukichanganya na jua na upungufu wa maji, zinaibana figo. Pia zinazima kengele wakati moto bado unawaka. Baada ya mbio mkojo ukiwa na rangi ya kokakola, usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli iliyovunjika inaweza kuziumiza figo. Na maji nayo kunywa kwa kiu, usishindane kunywa. Utafiti wa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya 2002 ulikuta asilimia 13 wana sodiamu iliyoshuka kwenye damu, na waliokunywa hadi uzito ukaongezeka ndio walikuwa kwenye hatari zaidi.

Mama Mdogo, na wewe kuna neno lako nalikubali. Baada ya zamu ya usiku sikimbii mbio yoyote, hata kama nimeshalipa. Miguu iliyochoka kwa baiskeli inalala usiku na asubuhi inakuja na wewe. Kichwa ambacho hakijalala hakijui hata kama kimechoka, na ndicho kinachotakiwa kuamua lini nitembee na lini nisimame. Hiyo ni sheria yangu na siivunji.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwisho wa Februari nitakuwa Cowtown tena, nimechoka kwa makusudi, na saa yangu nimeifunika kwa mkono wa shati. Mdogo wangu naomba awe Moshi pembeni ya barabara, anawapa watu maji na kuwapigia makofi, goti limepumzika. Wiki hii aende KCMC au popote penye mtu wa mazoezi ya viungo akapimwe. Gharama nitatuma mimi, hilo halina mjadala. Akipona tutajiandikisha wote Kilimanjaro ya mwakani, nitachukua likizo nije, na wa kwanza kuchekwa kwenye picha atakuwa yeye.

Baba, nakuomba umsomee hii kwa sauti, maana mimi hanisikii.