Maarifa ya Nyumbani: Betri ya Kipima Mapigo ya Moyo

Tangu Stephen Kiprotich wa Magereza aliporudi na dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei wa Polisi akatwaa ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, mbio zimezidi kupata heshima katika kambi zetu. Wapo wanaokimbia wakiwa wamejifunga kifuani mkanda wa kupima mapigo ya moyo. Chombo hiki si cha jana: kampuni ya Polar ya Finland ilitoa cha kwanza kisicho na waya mwaka 1982. Mkanda hupokea umeme mdogo wa moyo kupitia ngozi, kisha hupeleka hesabu kwenye saa ya mkononi. Kinachouendesha ni betri moja ya duara, mfano wa sarafu, nayo ikiisha mwenye mkanda huibadili mwenyewe.

Kazi yenyewe ni ya dakika 5. Hata hivyo yamo mambo mawili ambayo yakipuuzwa, moja huleta hasara na la pili laweza kuleta msiba. Nayaeleza kwa sababu yote mawili yalinifika.

Mkanda wangu niliufungua kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikatia betri mpya, nikafunga kwa haraka. Jioni ya siku ile mama watoto aliniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 2, alikuwa chini ya meza, na betri ya zamani i karibu na mdomo wake. Niliiacha mezani nikidhani imekufa. Siku ya tatu nikakimbia mvuani, mkanda ukanyamaza. Nilipoufungua nilikuta tone la maji, kutu ya kijani, na unywele mmoja umelala juu ya pete ya mpira. Unywele huo ndio ulioyapa maji njia.

Basi tufuate utaratibu. Kabla ya kununua betri, hakikisha kwamba iliyomo imekwisha kweli. Mkanda mkavu, au uliojaa chumvi ya jasho, nao hutoa hesabu za kurukaruka. Bandua kidude cha katikati, fua utepe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, lowesha sehemu zinazogusa ngozi, ujaribu tena. Hali ikibaki ileile, badili betri.

Kwanza, kausha chombo, nawa mikono, tandika kitambaa cheupe mezani.

Pili, fungua kifuniko cha nyuma kwa sarafu inayoenea katika mfuo wake, ukizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Kisu huteleza na kukwaruza ukingo unaokaliwa na mpira.

Tatu, tazama betri inavyokaa kabla ya kuitoa. Katika mikanda mingi upande wenye alama ya kujumlisha huelekea kifuniko. Soma pia namba yake. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2; CR2025 ina upana huohuo, lakini unene wake ni 2.5, hivyo moja haishiki nafasi ya nyingine. Iinue kwa kijiti. Usiibane kwa koleo la chuma, kwani chuma kikigusa pande zote mbili kwa pamoja, umeme hupita humo na betri huisha bure.

Nne, pete ya mpira. Hii ndiyo inayozuia maji. Itoe taratibu, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, uikague mwangani. Ikiwa imepasuka au imekakamaa, tafuta nyingine ya kipimo kilekile. Ikiwa nzima, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya kujipaka na grisi ya gari yaweza kuvimbisha mpira. Irudishe bila kuipinda, funga kifuniko mpaka alama zikutane, wala usikaze kupita hapo. Yale maandishi ya mita 30 nyuma ya chombo ni kipimo cha shinikizo. Si ruhusa ya kupiga mbizi mita 30.

Kila umalizapo mazoezi, bandua kidude kwenye utepe. Utepe ukiwa na unyevu hukiweka macho, kikala betri usiku kucha.

Sasa tuigeukie betri ya zamani. Ndugu, betri ya namna hii haifi kabisa. Umeme usiotosha kuendesha mkanda watosha kumdhuru mtoto. Ikikwama kooni, mate huunganisha pande zake, umeme hupita, na kemikali ya kuunguza huzaliwa papo hapo. Kwa muda wa saa 2 yaweza kumjeruhi vibaya. Mtoto hutokwa mate, hukohoa, hukataa chakula. Mwingine haonyeshi dalili yoyote.

Ukishuku tu, mwahishe hospitali yenye eksirei. Usimtapishe, wala usimpe chakula au kinywaji. Kilichoruhusiwa ni asali, kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 na anayeweza kumeza, ikiwa hazijapita saa 12: vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua, haiondoi betri. Safari isingojee asali.

Kwa hiyo betri ikitoka tu, ifunike kwa utepe wa gundi pande zote mbili, itie katika kopo lenye kifuniko, uliweke juu asikofika mtoto. Usiitupe motoni. Mpya nayo ibaki katika pakiti yake hadi siku ya kazi.

Askari hukabidhi risasi kwa hesabu, anapoingia lindo na anapotoka. Na betri zihesabiwe vivyo hivyo nyumbani: moja imeingia, moja imetoka, na iliyotoka ijulikane ilipo.

Hadi juma lijalo, tukijaaliwa.