Lahajedwali au Kanzidata? Maoni Juu ya Kufundisha Utunzaji wa Matokeo ya Michezo

Kila msimu wa mashindano ya UMITASHUMTA ukaribiapo, wanachuo wetu walio katika mazoezi ya kufundisha hupewa na walimu wakuu kazi ambayo haimo katika azimio lao la kazi, nayo ni kutunza matokeo. Mwanachuo ni kijana, anajua kompyuta, basi na aandike. Nao hutuuliza swali lile lile: je, matokeo ya mashindano yatunzwe katika lahajedwali, yaani ile programu ya mistari na safu ambayo wengi huiita Excel, au katika kanzidata? Wakufunzi wa TEHAMA huwajibu upesi kwamba kanzidata ndiyo njia ya kitaalamu. Wakufunzi wa michezo huwajibu upesi vile vile kwamba hata daftari latosha. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yameliruka jambo la kwanza, nalo ni kujua ni kitu gani hasa kinachotunzwa.

Yafaa tueleze yaliyotupata. Katika mashindano ya kata moja, shule tano zilicheza mpira wa miguu kwa mtindo wa kila timu kukutana na kila timu, yaani michezo kumi. Siku ya mwisho timu mbili zilifungana kwa pointi, na kanuni ilisema itazamwe tofauti ya mabao. Mwanachuo aliyekuwa mwandishi alifungua kompyuta. Msimamo ulikuwa umepambwa vizuri, timu za juu zimepakwa rangi ya kijani, na vichwa vya habari vimekolezwa. Lakini mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa amesimama nyuma akajumlisha safu mbili kwa kichwa, akasema kwa upole, “Mabao ya kufunga ni 17, ya kufungwa ni 15. Inawezekanaje?”

Haiwezekani. Kila bao lililofungwa na timu moja limeingia katika lango la timu nyingine, kwa hiyo jumla hizo mbili hazina budi kulingana daima. Mabao mawili yalikuwa yameandikwa upande mmoja tu, na hapakuwa na njia ya kujua ni ya mchezo upi. Karatasi za waamuzi zilikwisha kutupwa. Orodha ya michezo haikuwapo: mwandishi alianza nayo, lakini kila alipoandika 2-1 kompyuta iligeuza matokeo kuwa tarehe ya mwezi wa Januari au Februari, naye akakata tamaa akaifuta, akabaki anaongeza hesabu katika msimamo kwa mkono baada ya kila mchezo. Mwishowe ilirushwa shilingi. Timu iliyotoka ilikuwa na watoto wa darasa la saba wengi, ambao mashindano hayo hawatayarudia tena. Tuliwaona wakivua jezi. Mwandishi alikuwa mwanachuo wetu, na aliyemfundisha kutumia lahajedwali ni sisi.

(Wasomaji wasimcheke kwa habari ya tarehe. Jambo hilo hilo liliwasumbua wanasayansi kwa miaka mingi, hata mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikalazimika kubadili majina ya baadhi ya jeni ambayo lahajedwali iliyasoma kama tarehe.)

Tangu hapo tumebadili namna ya kulifundisha somo hili, na hatuanzi tena na kompyuta. Tunaanza na vipande vya karatasi ya manila. Mikondo mitatu ya darasa, A, B na C, inapewa kadi tatu, kila kadi mchezo mmoja. Katika kundi la kwanza la wanachuo kadi zasema: A imeifunga B 1 kwa 0, B imeifunga C 1 kwa 0, C imeifunga A 1 kwa 0. Katika kundi la pili kadi zimegeuzwa: B imeifunga A, C imeifunga B, A imeifunga C, zote 1 kwa 0. Kila kundi linatengeneza msimamo wake ubaoni. Misimamo inatoka sawa kabisa: kila timu michezo miwili, ushindi mmoja, kushindwa kumoja, bao moja la kufunga, moja la kufungwa, pointi tatu. Kisha tunafuta ubao na kuwaambia watengeneze msimamo upya kwa kadi, nao wanaweza. Kisha tunakusanya kadi, tunauacha msimamo, na kuwaambia waandike upya michezo yenyewe. Hapo darasa hunyamaza. Matokeo ya makundi mawili yaliyopingana yamezaa msimamo mmoja, na kutoka kwenye msimamo huo hakuna awezaye kurudi.

Kwa maoni yetu kadi hizo tatu zafundisha zaidi ya vipindi sita vya kubofya vitufe. Mwanachuo anatambua kwamba mchezo ni tukio, na msimamo ni jibu la swali moja kati ya maswali mengi juu ya matukio hayo. Kinachotunzwa ni tukio. Jibu hutafutwa kila linapohitajiwa. Akishalijua hilo, swali la programu ipi itumike hupungua uzito, wala halimbabaishi.

Historia ya vyombo hivi viwili yasaidia kidogo. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alitoa makala iliyoeleza jinsi habari nyingi zinavyoweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana, na moja ya faida zake ni kwamba jambo moja laweza kuandikwa mahali pamoja tu; kanzidata nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Lahajedwali ya kwanza kupata umaarufu katika kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston. Hiyo ilikusudiwa kukokotoa: ukibadili tarakimu moja, hesabu zote zinazoitegemea zinabadilika papo hapo. Kwa hiyo kimoja kilizaliwa kwa kutunza, kingine kwa kukokotoa. Na matokeo ya michezo yahitaji vyote viwili. Ndiyo maana mabishano katika vyumba vya wakufunzi hayaishi.

Msimamo wetu ni huu. Kwa mashindano ya shule, kata na hata wilaya, lahajedwali yatosha, ila ipangwe kwa adabu ya kanzidata. Ukurasa wa kwanza uwe wa michezo tu: mstari mmoja, mchezo mmoja, tarehe, timu ya kwanza, timu ya pili, mabao ya kwanza, mabao ya pili. Mabao yakae katika safu mbili mbalimbali, na hapo ugonjwa wa tarehe utakuwa umepona wenyewe. Majina ya shule yachaguliwe kutoka orodha moja iliyotayarishwa, yasiandikwe upya kila mara, kwa kuwa “Azimio”, “S/M Azimio” na “Azimio Shule ya Msingi” kwa kompyuta ni shule tatu. Msimamo uwe ukurasa wa pili, nao usiguswe na mkono wa mtu. Utokane na fomula zinazohesabu kutoka ukurasa wa kwanza. Chini yake ziwekwe jumla za mabao, ili kosa la 17 na 15 lijitangaze siku ile ile. Ama rangi, ziachwe. Tumeona wanachuo wakipaka njano mchezo ulioahirishwa na nyekundu timu iliyokatwa pointi, wakidhani wameandika habari. Mwenzao atakayelipokea faili hilo hataweza kusoma rangi, wala fomula zile haziwezi kuihesabu. Jambo linalostahili kukumbukwa lipewe safu yake na liandikwe kwa maneno.

Wenzetu wa TEHAMA hutukumbusha yaliyotokea Uingereza mwaka 2020, ambako watu 15,841 waliothibitika kuwa na ugonjwa wa korona waliachwa nje ya hesabu za kila siku kwa sababu habari zilipitishwa katika faili la muundo wa zamani lisilopokea mistari zaidi ya 65,536. Mfano huo ni wa kweli na wa kutisha. Lakini ligi nzima ya timu 16 zinazocheza nyumbani na ugenini ina michezo 240. Mashindano yetu hayatashindwa kwa wingi wa mistari.

Yatashindwa kwa jambo jingine. Siku kamati itakapotaka kujua nani alifunga kila bao, alikuwa na umri gani, na kama ndiye yule aliyechezea shule nyingine mwaka uliopita, mstari mmoja kwa mchezo mmoja hautatosha tena. Mchezo mmoja una mabao mengi, mchezaji mmoja ana michezo mingi, na miaka inaongezeka. Mwandishi ataanza kuongeza safu: mfungaji wa kwanza, mfungaji wa pili, wa tatu, mpaka netiboli imshinde siku ya kwanza. Hapo ndipo kanzidata inapostahili: jedwali la shule, la wachezaji, la michezo na la mabao, kila moja likiandikwa mara moja na kuunganishwa na mengine. Vivyo hivyo pale waandishi wanapokuwa watatu katika viwanja vitatu wakiandika kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, hatuwezi kuificha hasara yake. Tunaijua shule moja iliyokuwa na kanzidata nzuri ya michezo, kazi ya mwalimu hodari. Mwalimu akapata uhamisho. Nywila aliiacha kwenye karatasi, lakini hakuna aliyeelewa majedwali yale, na mwaka uliofuata walirudi kwenye daftari. Lahajedwali hufunguka hata katika simu ya mwalimu wa zamu, naye aweza kuisoma bila kufundishwa. Kwa hiyo tunawataka wanachuo wetu, watumie chombo chochote kile, wazihifadhi karatasi za waamuzi zenye sahihi mpaka mwaka umalizike.

Muhula ujao tunakusudia kulijaribu somo hili la kadi kwa riadha. Huko hakuna timu mbili bali washindani wanane, njia nane na sekunde zenye desimali, na bado hatujaafikiana sisi kwa sisi iwapo mstari mmoja uwe wa mbio au wa mkimbiaji. Wakufunzi waliokwisha kulijaribu tunawaomba watuandikie.