Siku Arobaini Ndani ya Gari

Wasomaji wangu, juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo makarani na mafundi wengi wa Kitengela hulijua kwa migongo yao, lakini ni wachache waliopata kuketi na kulifanyia hesabu kwa kalamu. Jambo lenyewe ni safari ya kila siku ya kwenda kazini Nairobi na kurudi.

Saa 11 alfajiri, jogoo wakiwa wangali wanawika, kituo cha magari cha Kitengela huwa kimekwisha kujaa watu. Yumo karani na mkoba wake, mwuguzi wa zamu ya asubuhi, fundi wa umeme, na mama mwenye duka mjini. Matatu huondoka moja baada ya nyingine, hupita Athi River, hupita Mlolongo, kisha huingia katika msongamano wa Barabara ya Mombasa. Toka Kitengela hata katikati ya Nairobi ni kilomita 30 hivi tu. Barabara ikiwa tupu safari si kubwa, lakini barabara tupu saa hizo ni adimu kama maziwa ya kuku. Ni kweli kwamba mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27, toka Mlolongo hata Westlands. Lakini barabara hiyo ni ya kulipia, na asiye na fedha ya kulipa hupita chini yake akiitazama.

Haya, tushike kalamu. Tuseme mtu atumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, pamoja na kungojea gari. Hizo ni saa 4 kwa siku. Kwa siku 5 za kazi ni saa 20 kwa juma. Kwa majuma 48 ya mwaka ni saa 960. Zigawanye saa hizo kwa 24, nawe utapata siku 40 kamili, usiku na mchana. Au zigawanye kwa saa 8 za kazi, utapata siku 120 za kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, pamoja na mshahara wake. Basi sheria yampa siku 21 kwa mkono mmoja, nayo barabara yamnyang'anya siku 120 kwa mkono wa pili, wala haimlipi hata senti moja. Bali yeye ndiye ailipaye nauli!

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi watu wahamie huko? Jibu ni ardhi. Mbuga za Kitengela zilikuwa malisho ya Wamaasai. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kuandikisha ardhi yao kwa vikundi, na baadaye vikundi vingi vya Kajiado viligawanya ardhi hiyo kwa watu mmoja mmoja. Waliopewa wakauza vipande, na mfanyakazi wa Nairobi aliyechoka kulipa kodi ya chumba akanunua kiwanja, akajenga. Wala hatumlaumu. Zamani mfanyakazi wa Reli alikaa Muthurwa, akaenda kazini kwa miguu, lakini nyumba haikuwa yake, na wengi waliwaacha wake na watoto katika nchi zao za mbali. Leo karani wa Kitengela anayo hati ya ardhi, anayo nyumba ya mawe, na watoto wake walala chini ya paa lake. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila jambo la kusikitisha ni kwamba mtoto mdogo huwa amelala baba aondokapo, na huwa amelala baba arudipo. Nyumba imejengwa kwa ajili ya mtoto, lakini bei yake inalipwa kwa saa ambazo zingekuwa za mtoto huyo.

Wako wazee wa Kajiado wasemao kwamba safari ndefu si jambo geni. Wakati wa ukame mchungaji hutembea mwendo wa siku nyingi akitafuta nyasi. Ni kweli, lakini tazameni tofauti. Mchungaji atembeapo, ng'ombe wanakula. Kila hatua yake ni kazi, na mwanawe mkubwa aghalabu yuko kando yake akijifunza mahali penye maji na majina ya milima. Safari ya karani haimlishi ng'ombe wala haimfundishi mtoto. Yeye hukaa tu, magoti yakigusa kiti cha mbele, akingoja.

Sasa tuje kwenye muziki. Matatu zetu zina sifa ya muziki, na vijana wengine huliacha gari lililo tupu wakalingojea lile lenye ngoma kubwa. Asubuhi mzee ataka kusinzia, kijana ataka ngoma, na mwenye kukata shauri ni dereva na kondakta wake. Lakini kuusikia muziki si sawa na kuufanya. Ulizeni viongozi wa kwaya. Mazoezi ya jioni katikati ya juma huhudhuriwa na wale wafanyao kazi hapa hapa, nao wa Nairobi huonekana Jumamosi, tena wakiwa wamechoka. Sauti nzuri za besi zimekwama Mlolongo.

Sisi si wa kwanza kupatwa na jambo hili. Katika mji wa Mumbai, huko India, ambako gari la moshi la kwanza la abiria lilifika Thane mwaka 1853, mamilioni ya watu husafiri kwa reli kila siku kwenda kazini na kurudi. Mabehewa yao yamejaa kupita matatu zetu. Lakini wako abiria ambao, kwa kuwa hupanda gari lile lile na behewa lile lile kila siku, wameunda vikundi vya kuimba nyimbo za dini yao, na huenda na matoazi madogo mkononi. Wengine hucheza karata. Watu hao wameona kwamba saa ya njiani nayo ni sehemu ya maisha, wakaitia kitu ndani yake. Hata hivyo, jambo hilo halipunguzi urefu wa safari.

Nasi reli tunayo. Ile itokayo Konza kwenda Magadi, na kupita mjini Kajiado, imekuwako kwa zaidi ya miaka 100, lakini ilijengwa kwa ajili ya magadi, si kwa ajili ya makarani. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012 kwa safari za wafanyakazi, na ni msaada kwa wakaao karibu nayo. Mtu wa Kitengela hana budi kupanda gari kwanza ili aifikie.

Michezo nayo ina habari yake. Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025, jioni, timu yetu ya taifa ilicheza na Madagascar huko Kasarani katika robo fainali ya mashindano ya CHAN. Wangapi waliufuata mchezo ule kwa redio ya gari na kwa simu, wamekaa katikati ya msongamano! Mabao yakawa 1 kwa 1, kisha Madagascar wakatutoa kwa mikwaju ya penalti. Huzuni ile iliwakuta wengi njiani. Lakini hasara iliyo kubwa kuliko hiyo ni kwamba mtu huyu amekuwa mtazamaji tu. Michezo ya Wamaasai iliyoanzishwa Kimana mwaka 2012, ambayo ndani yake vijana hushindana kwa mbio, kwa kutupa mkuki na rungu, na kwa kuruka juu, yatukumbusha kwamba mwili huhitaji mazoezi ya mara kwa mara. Akaaye kitini ofisini saa 8 na kitini garini saa 4, atayafanya mazoezi saa ngapi?

Basi tufanye nini? Kwanza, wewe utakaye kununua kiwanja, usiulize bei ya ardhi peke yake. Panda gari la alfajiri kutoka hapo siku ya Jumatatu, ukarudi jioni, uzihesabu saa, kisha uandike saa hizo kando ya bei. Hapo ndipo utakapojua kama kiwanja ni rahisi.

Pili, waajiri. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ofisi nyingi ziliona kwamba karani aweza kuimaliza kazi yake akiwa nyumbani. Siku moja tu kwa juma ya kufanyia kazi nyumbani humrudishia mtu saa 4, yaani saa 192 kwa majuma 48. Hizo ni siku 8 kamili kwa mwaka, nazo hazimgharimu mwajiri kitu.

Tatu, serikali ya Kaunti ya Kajiado, iliyoanza kazi mwaka 2013. Kila kiwanda, kila karakana na kila ofisi ifunguliwayo Kitengela, Isinya au Kajiado mjini huwapunguza watu katika foleni ile. Tusiridhike kuwa chumba cha kulala cha Nairobi.

Nne, nanyi akina baba na akina mama, Jumamosi na Jumapili zisiishe kwa usingizi na kwa kutazama mpira wa Uingereza. Mpeleke mtoto uwanjani, umrushie mpira kwa mkono wako mwenyewe. Fedha ikipotea yaweza kutafutwa tena, lakini mtoto akikua hapungui akarudi kuwa mdogo ili umngojee msongamano uishe.

Haya, wasomaji wangu, hesabuni saa zenu. Tuonane juma lijalo.