Thamani ya Kuzaliwa Mtu

Yako maneno yasemwayo na watu wengi, hata waliosoma, kwamba Mbuddha hana sababu ya kuithamini siku ya leo. Aaminiye kuwa atazaliwa tena na tena, husema watu hao, ni sawa na tajiri mwenye mashamba mia: likiungua moja hashtuki. Maneno haya ni matamu kusikilizwa, walakini hayana kweli, na afadhali wewe msomaji uyakatae kabla hayajaota mizizi kichwani mwako.

Kosa lao la kwanza ni kudhani kuwa kuzaliwa tena ni zawadi. Katika mafundisho ya Buddha si zawadi hata kidogo. Ni mzunguko wa kuzaliwa, kuugua, kuzeeka na kufa, na shabaha ya mafundisho yote ni kutoka humo. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Wanadhani kuwa aliye mtu leo atakuwa mtu kesho. Nani aliyewaahidi? Huenda akazaliwa mnyama, au mzimu wenye njaa isiyoshibishwa, au kiumbe cha motoni, au mmoja wa miungu.

Uadimu wa kuzaliwa mtu Buddha aliueleza kwa mfano. Fikiri kuwa dunia yote imekuwa bahari moja, na juu yake yaelea nira yenye tundu moja. Upepo wa mashariki waisukuma magharibi, upepo wa kusini waisukuma kaskazini. Chini ya maji yuko kasa kipofu, naye huinua kichwa mara moja tu kila miaka 100. Je, kichwa chake kitaingia tunduni lini? Mara nyingine aliweka vumbi kidogo juu ya ukucha wake, akawauliza wanafunzi wake lipi jingi, hilo au ardhi nzima. Wazaliwao watu, alisema, ni kama lile vumbi la ukuchani.

Mjanja atauliza: watu wamepita bilioni 8 tangu mwaka 2022, uadimu uko wapi? Na aende penye kichuguu kimoja. Humo tu huweza kuwamo mchwa zaidi ya milioni moja, na vichuguu havihesabiki.

Swali lililo zito ni hili: kwa nini mtu, wala si mungu? Miungu ya mafundisho haya nayo hufa. Huishi kwa anasa muda mrefu mno, ikasahau kuwa iko safarini. Mnyama naye hutawaliwa na njaa na hofu. Mlevi wa raha hatafuti dawa. Aliyezimia kwa maumivu hawezi kuitafuta. Mtu peke yake ana dhiki ya kumwamsha na nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana Tsongkhapa, mwanachuoni wa Tibet, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1402, alimtaka mwanafunzi aizingatie nafasi hii karibu na mwanzo wa njia, kisha mara akamkumbusha kifo. Je, huyo ni mwalimu wa uvivu?

Lakini wako wengine wabaya kuliko hao wasiojua, nao ni wale wanaojua nusu. Hao humtazama maskini wakasema kuwa anavuna aliyoyapanda katika maisha ya kale, basi na aachwe avune. Huku ni kuigeuza elimu kuwa fimbo. Ikiwa kuzaliwa mtu ni bahati ya yule kasa, basi mfagiaji ameipata sawasawa na mfalme, na amdharauye ameidharau bahati yake mwenyewe.

B. R. Ambedkar aliyajua machungu ya fimbo hiyo. Alizaliwa India mwaka 1891 katika jamii iliyoitwa najisi, akasoma hata akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya nchi yake. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, hali ni mgonjwa, aliingia dini ya Kibuddha pamoja na watu laki kadhaa. Alikufa tarehe 6 Desemba, siku 53 baadaye. Kitabu chake juu ya Buddha, ambamo alikana kwamba unyonge wa mtu ni adhabu ya maisha yaliyopita, kilitoka mwaka 1957.