Picha ya Mgongo na Haki ya Mgonjwa

Mkulima ashikaye jembe na mchukuzi abebaye magunia bandarini wote huishi kwa nguvu za mgongo. Mgongo ukiumia, riziki ya jamaa nzima hutetereka. Kwa hiyo swali la nani apigwe picha ya mgongo, na lini, si la madaktari peke yao.

Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi mzizi wa mshipa wa fahamu uliobanwa na diski iliyochomoza baina ya pingili. Mashine ya MRI huuonyesha. Hata hivyo, picha si hukumu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapiga picha hizo watu 98 wasioumwa mgongo: asilimia 36 tu ndio waliokutwa na diski zote za kiuno zikiwa salama.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua baada ya majuma machache. Kumfanya mnyonge auze mbuzi wake alipie picha, kabla daktari hajampima nguvu za miguu, ni kumfukarisha bure. Lakini aliyelegea miguu ghafla, aliyeingiwa na ganzi sehemu za siri au aliyeshindwa kuuzuia mkojo, asingojeshwe hata siku moja. Kuchelewa huweza kumlemaza maisha.

Ni wajibu wa hospitali, basi, kuzitumia mashine hizi kwa kufuata hali ya mgonjwa, wala si uzito wa mfuko wake. Mkono wa daktari utangulie, mashine ifuate.